Jeneza Lililoshukia Bigwa

La, Furaha, hakuvaa magwanda. Askari kanzu avae magwanda, basi atakuwa askari kanzu wa nini? Mikidadi alivaa shuka na kofia ya ukindu kama mchuuzi wa tumbaku, bunduki yake ya Mauser kaiviringisha ndani ya mkeka. Umenielewa? Haya.

Na alikuwa anakimbia.

Anapanda mwamba ule wa juu ya Bigwa, jua limechachamaa, kamba ya darubini inamkata shingo. Darubini ya Zeiss, ya Kidachi hiyo, inakuonyesha nzi puani mwa ng'ombe aliye ng'ambo ya mto. Amri kaipata asubuhi kutoka bomani, ailinde njia ya kuingia mjini, na habari yenyewe kwa fumbo.

"Mgeni anashuka leo."

Mgeni ni baruti.

Ngojeni kwanza, msinikimbize. Zamani pwani na Unguja zilikuwa nyumba moja, forodha moja ya Sultani. Kaniki ikishalipiwa Unguja imelipiwa, chumvi vilevile. Mdachi, Mjerumani huyo, akaichukua pwani, nyumba ikapigwa ukuta katikati. Unguja ikawa ugenini, na cha ugenini kinalipiwa mlangoni. Kiasi gani? Ndiyo ilikuwa kelele ya soko zima la Morogoro. Siku hiyo ndiyo bwana mkubwa wa boma alikuwa asome ushuru mpya barazani.

"Utapanda, Yusufali?" mama mmoja alimuuliza Mhindi wa duka la kaniki.

"Mimi najua? Wakipatana na Unguja, utashuka. Wakinuniana, bibi, utavaa majani ya mgomba."

"Na wewe utamuuzia nani? Ngedere?"

Watu wakacheka. Kicheko cha meno tu, moyoni hakuna kitu.

Sasa kulikuwa na Mzungu mmoja mfanyabiashara, jina lake Rothe. Huyo hakungoja baraza. Chumvi alishaiingiza wakati ushuru bado mdogo, kaificha mapangoni kule Matombo. Lakini pale sokoni lilikuwepo ghala la Sherali, limejaa chumvi ya mji mzima. Ghala lile likiruka hewani, Rothe atauza kwa bei anayoota usingizini.

Lirushwe lini? Walinzi wakiwa barazani.

Na chini ya ukuta wa ghala lile alikaa Bi Mwajuma na tangawizi yake. Mama mzazi wa Mikidadi.

Mikidadi akafika juu. Akaweka darubini machoni.

Njia tupu. Migomba. Mbuzi.

Halafu jeneza.

Wanaume wamelibeba mabegani, vilemba vimewashukia mpaka machoni, wamelifunika shuka ya kijani, wanaleta maiti isaliwe mjini. Nyuma yao mtu wa pwani mwenye chetezo cha udi. Kule bomani kioo cha kupigia jua, kile cha kupelekeana habari kwa mmweko, kikamulika.

"Nani hao?"

Mikidadi akachomoa chake kiunoni, akamulika. "Mazishi."

"Wapite?"



Kuna kitu kilimwasha. Akatazama tena. Wabebaji wanalia vizuri, hatua za heshima, kila kitu sawa. Wametulia mno, basi! Hakuna aliyejilaza njiani kudai apewe chake ndiyo maiti ipite. Hakuna anayeiga marehemu alivyokuwa akichechemea. Hakuna anayemtukana marehemu uchoyo.

Mtani yuko wapi?

Sisi Waluguru hatuziki bila mtani, wajukuu zangu. Hata maskini wa mwisho ana mtani wa kumfanyia vituko. Mtu wa pwani alifunga jeneza vizuri, akasahau hilo.

Mikidadi akamulika mara moja. "Wasipite."

Akashuka mbio kukata njia, mkeka ukabaki nyuma, Mauser mkononi. Akatokea mbele yao pale njia inapobanana na korongo la mto.

"Simameni!"

Wakasimama. Akamwelekezea bunduki wa mbele.

Wa mbele akainua kilemba. Mzee Pazi.

Mjomba wake. Ndugu wa tumbo moja na mama yake. Na kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Huyo ndiye aliyemlea, aliyemtoa jandoni, aliyempa shamba.



"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Ndiyo mnavyoamkia watu huko bomani?"

"Mtani wenu yuko wapi, mjomba?"

Mzee Pazi akatazama chini. "Nimwite mtani amtanie nani? Gunia?" "Nimechuuza kaniki tangu ujana. Ushuru huu umenila mpaka mfupa. Rothe kasema nikimbebea hili, nitachuuza tena. Ni chumvi tu itakayoungua."

"Mama yuko pale ukutani."

"Leo siyo siku yake ya soko."

"Leo yupo, mjomba. Kaenda kusikia ushuru."

Mzee Pazi akafumba macho.

Mtu wa pwani, Stambuli jina lake, akaona kazi imeharibika. Akakitupa chetezo chote juu ya jeneza. Makaa yakatawanyika. Shuka ya kijani ikashika moto.

Mikidadi angefyatua. Lakini mjomba alikuwa katikati.

Wabebaji wakalitupa jeneza wakakimbia. Mzee Pazi hakukimbia. Alilikumbatia lile jeneza linaloungua kama mtu anavyombeba mgonjwa, akapiga hatua, akaingia nalo korongoni.

Mlima ukaguna.

Ndege wote wa Bigwa wakaruka.

Mimi naamini mzee alijua. Mluguru asahau mtani? Alitaka ashikwe, ila hakuthubutu kusema. Lakini nani wa kumuuliza?

Stambuli alikamatwa palepale, masikio yanavuja damu. Rothe walimkamata kwenye njia ya Dumila, wakamrudisha kwao kwa meli, kwa heshima zake. Na barazani ushuru wa Unguja ulisomwa. Ulipanda.

Bwana mkubwa akampa Mikidadi mkono. Mikidadi akaiweka Mauser mezani, darubini juu yake, akatoka taratibu wala hakugeuka.

Walizika kile kilichopatikana. Jioni nyumba ya Bi Mwajuma ikajaa watu, ugali ukapakuliwa kwa maharage, na hakuna aliyegusa. Mikidadi kasimama mlangoni. Hakuna aliyemkaribisha.

"Ulimpiga ndugu yangu?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Ulimwelekezea bunduki?"

"Ndiyo, mama."

Bi Mwajuma akainuka. Halafu akanyanyua kata ya maji, akamsogelea.

"Leta mikono unawe. Chakula kinapoa."

Mikidadi akanawa. Akakaa mkekani. Wengine nao wakakaa, mmoja mmoja, wakamega.