Ukumbi wa Makofi

Kila asubuhi Bibi Bunrye alikula wali na kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, akameza kidonge chake cha kisukari, kisha akaenda kuchuma pilipili shambani. Lakini mwezi huo pilipili zilisubiri. Mjini palifunguliwa ukumbi uliogawa karatasi za chooni bure.

Mabibi wa kijiji walikwenda pamoja. Vijana wenye suti waliwaimbia, wakawakanda mabega, wakawaita mama. Ukutani palikuwa na picha mbili za mguu. Mmoja mweusi, wenye kidonda. Mwingine laini kama wa mtoto. Mwanamume mwenye koti jeupe akainua chupa ya dawa ya mizizi.

"Mama zangu, vidonge vya hospitali vinaua figo. Nani anataka kupona?"

Mikono ikainuka, makofi yakalia. Bibi Bunrye akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Mkono wake tu ndio uliokuwa chini.

"Siku kumi unabeba karatasi zao, leo unajifanya bubu?" jirani yake Sundeok akamnong'oneza. "Usituaibishe, mwenzangu."

Akainua mkono. Akanunua. Akaacha vidonge.

Kidole cha mguu kilipogeuka kuwa cheusi, alimpigia simu kijana wa ukumbini.

"Hiyo ni sumu inatoka, mama. Ongeza kikombe."

Wiki tatu baadaye alikwenda zahanati. Okhui, muuguzi, alisikia harufu kabla soksi haijavuliwa.

"Nani kakwambia uache vidonge?"

"Daktari."

"Anaitwa nani?"

Bibi hakujua. "Alivaa koti jeupe."

"Hata muuza nyama analo, bibi."

"Na picha je? Nimeziona kwa macho yangu."

"Umeona miguu miwili. Nani kakuhakikishia ni ya mtu mmoja?"

"Mbona wote walipiga makofi?"

"Wa mbele wanalipwa. Wa nyuma wanafuata wa mbele. Wewe ulimfuata Sundeok, naye labda alikufuata wewe. Zile karatasi ni chambo. Ukishapokea, unaona haya kukataa." Okhui alifunga kidonda taratibu. "Dawa yoyote niletee kwanza. Na usiache kidonge mpaka aliyekuandikia akwambie."

Hospitalini walimkata vidole vitatu. Mguu ukapona. Sundeok hakufika hospitali. Alikutwa amekufa sakafuni kwake, chupa ya nne ya dawa ya mizizi imefunguliwa.

Baada ya mazishi, ukumbi ulihamia mji wa pili. Basi la ukumbi likaja kijijini kuwachukua mabibi. Bibi Bunrye akakaa kwenye benchi la kituo, akavua soksi.

"Funika hiyo, wewe," mmoja akamwambia. "Tumetoka kula sasa hivi."

"Angalieni vizuri. Hii ndiyo dawa yao."

Kijana wa ukumbi akachungulia mlangoni mwa basi. "Mama, mbona unawatisha wenzako?"

"Mama yako mzazi umempa chupa ngapi?"

Wawili walipanda. Kumi na mmoja wakageuka, wakaenda zahanati kupimwa sukari. Bibi Bunrye akawafuata, akichechemea, nyuma kabisa.