Maji ya Kuchovyea Rasta

Mama yake Pia alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kila Jumamosi asubuhi Pia alifagia nywele, akachana rasta, yaani nywele bandia za kusukia, kisha akachemsha maji ya kuchovyea ncha za misuko ili zisifumuke. Jina lake halisi lilishasahaulika. Aliitwa Pia, kama ile pia ya kuchezea inayozunguka, kwa sababu hakutulia mahali: mara yuko mlangoni, mara uani, mara barabarani anauliza kuna nini.

Ijumaa moja muuguzi wa zahanati alikuja shuleni kufundisha huduma ya kwanza. Kwa saa mbili tu wanafunzi walijifunza kuzuia damu ya pua, kumsaidia aliyepaliwa na kumhudumia aliyeungua. Mwishoni aliwapeleka bombani, kila mmoja ashike mkono wa mwenzake chini ya maji kwa dakika ishirini. Pia alishika kidogo tu, akaanza kuchezesha miguu.

"Nimeshaelewa, dada muuguzi," alisema, akakimbilia uwanjani.

Kesho yake rasta ziliisha wakati kichwa cha mteja kimesukwa nusu. Mama akachukua mkoba wake.

"Naenda dukani mara moja. Pia, kaa na mdogo wako. Maji ya moto hayo hapo kwenye ndoo, usibanduke."

"Sawa, mama."

Mama hata hajafika kona, nje kukasikika watoto wakiruka kamba. Pia alijisemea kwamba angechungulia tu. Akasimama mlangoni, akaanza kuwahesabia. Mteja naye alikuwa amezama kwenye simu.

Kibonge, mdogo wake wa miaka minne, alikuwa na mwanasesere mwenye nywele za uzi. Kila siku alimwona mama yake akichovya misuko ya wateja. Akainama juu ya ndoo, akachovya nywele za mwanasesere, na mkono ukazama pamoja nazo.

Ukelele ulimtoa Pia mlangoni. Alimbeba Kibonge hadi bombani uani, akafungulia maji, akaushika mkono ule mwekundu chini yake. Mteja akawafuata, upande mmoja wa kichwa umesukwa na mwingine umesimama wima, mkononi ana kopo la mafuta ya nywele.

"Mpake haya, binti. Humu saluni tukiungua masikio tunapakwa haya haya."

"Muuguzi alikataza, mama. Alisema mafuta yanafungia joto ndani."

Baada ya muda Kibonge akanyamaza. Pia akashusha pumzi. Miguu ilikuwa inamwasha kwa hamu ya kukimbia amwite mama. Akafunga bomba, akamwacha na mteja, akatoka mbio. Hakufika hata getini. Kibonge alipiga kelele kubwa kuliko mwanzo, na mteja alikuwa tayari anafungua kopo.

"Naomba usimpake," Pia alisema akirudi huku analia. Akafungulia maji tena.

Sasa ndipo alipojua kwa nini muuguzi aliwasimamisha muda wote ule. Mgongo ulimuuma, vidole vilikufa ganzi, na nje kamba iliendelea kupiga chini, pa, pa, pa. Mteja alinung'unika kwamba tangi litakauka. Pia hakutoka. Alipoona kifundo cha mkono wa Kibonge kinaanza kuvimba, alimwomba mteja alete mkasi, wakakata bangili ya shanga kabla haijabana.

Mama alirudi, akadondosha rasta mlangoni. Jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha mkono kwenye kopo.

"Mama, samahani, usimpake," Pia alisema. "Tafadhali niamini leo tu. Tumfunike kitambaa safi, twende zahanati."

Mama alimtazama binti yake aliyelowa hadi kifuani. Hakuwahi kumwona amesimama mahali pamoja namna ile. Akaweka kopo chini, akaenda kutafuta khanga safi.

Zahanati walimkuta muuguzi yule yule. Aliugeuzageuza mkono taratibu, akaufunga bandeji.

"Utapona. Ngozi imeungua juu juu. Nani alimshikia maji?"

"Dada yake," mama alijibu, na sauti ilikuwa na fahari.

Pia alitazama sakafu. Angeweza kunyamaza, na sifa zikabaki zake. Lakini bandeji ile ilikuwa mbele ya macho yake.

"Ni mimi pia niliyemwacha na ndoo," alisema. "Nilikuwa mlangoni, nawatazama wanaoruka kamba. Nisamehe, mama."

Mama alimshika bega. "Nami niliiacha ndoo sakafuni," alisema.

Muuguzi akavuta kiti, akaketi karibu na Pia.

"Niliyowafundisha, mtu yeyote anaweza kuyajua kwa saa mbili. Wewe umeweza kukaa nayo mpaka yafanye kazi, nami nakupongeza kwa moyo wote. Lakini mwanangu, ungekaa vile vile kando ya ndoo, mimi na wewe tusingeonana leo."

Pia aliona aibu, akakubali kwa kichwa. Akampakata Kibonge, na mpaka dawa zilipotolewa, hakuinuka.