Samaki wa Abdalla na Baridi ya Julai

Kila asubuhi Zainab aliamka kabla ya watoto. Aliwasha jiko la makaa nje ya mlango, akaweka chai. Kisha alikwenda kwenye tangi la samaki.

Tangi hilo lilikuwa la kioo, na fremu yake ya chuma. Lilikaa kwenye meza chini ya dirisha. Ndani yake mliogelea samaki wadogo wenye mikia myekundu, wasiozidi kidole kwa urefu. Hawakuwa wa kuliwa. Abdalla, mume wa Zainab, aliwafuga ili wazaane. Watoto wao wakikua aliwatia kwenye chupa, akapanda baiskeli, akawapeleka Lavington na Spring Valley. Huko kulikuwa na matajiri waliopenda kuwaweka sebuleni na kuwatazama tu. Zainab alicheka sana siku ya kwanza aliposikia kuna watu wanaonunua samaki wa kutazama. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyowalisha.

Mwaka ule wa 1956, mwezi wa Mei, Abdalla alianza kukohoa damu. Alilazwa hospitali kwa kifua kikuu. Zainab alibaki na watoto wawili, Salme na mdogo wake, na tangi la samaki katika chumba kimoja, nyuma ya duka, River Road, Nairobi.

Samaki hao walitoka nchi za joto. Maji yao yalipashwa moto na hita ndogo ya stima, mrija wa kioo uliozama majini. Juu yake palikuwa na taa nyekundu ndogo sana. Hita ikifanya kazi, taa iliwaka. Maji yakifika joto lake, hita ilijizima yenyewe na taa ikazimika. Abdalla alikuwa ameeleza hayo yote. Lakini tangu Julai iingie, Zainab hakuwahi kuona taa hiyo ikizimika.

Na kila asubuhi alifanya jambo lile lile. Alichota nusu ya maji, akayamwaga, akajaza mengine ya bomba. Nyumbani kwao Mombasa, maji ya mtungi hayakuachwa yalale. Mama yake angemkanya. Basi yeye aliona tangi ni mtungi mkubwa tu. Maji ya bomba la Nairobi, mwezi wa Julai, yalimuuma vidole.

Mwanzo wa Agosti mwenye nyumba, Mzee Amin, alibisha hodi. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Bibi Zainab, hii ni hesabu ya stima ya chumba chako. Shilingi kumi na nane."

"Kumi na nane? Mwezi wa tano ilikuwa tisa."

"Nimesoma mita mara mbili. Ni hilo tangi. Mama, mumeo ni mgonjwa, mimi nalijua hilo, na naona vibaya kusema. Lakini mwezi huu ukiisha hivi tena, nitakata waya wa chumba hiki."

Akaondoka upesi. Hakupenda kumtazama usoni.

Jumapili Zainab alikwenda hospitali, akamweleza mumewe. Abdalla alikuwa amekonda mpaka pete imemtoka kidoleni.

"Zima hita," alisema.

"Watakufa."

"Basi uza wote. Uza na tangi."

"Nikiuza mbegu, utatoka hapa ufanye kazi gani? Ubebe magunia, na kifua hicho?"

Zainab alirudi nyumbani kwa miguu, moyo mzito. Hita ikizimwa, samaki wanakufa. Hita ikiwaka, waya unakatwa, na samaki wanakufa vile vile. Hakuona pa kutokea.

Asubuhi ya pili alikuta samaki watatu wamepinduka, matumbo juu. Aliwatia kwenye gazeti, akatoka kuwatupa. Uani alikutana na jirani yake, Nthiwa, Mkamba mmoja mnene aliyefanya kazi katika kiwanda cha barafu.

"Mama Salme, hiyo nini umefunga?"

"Samaki wa Baba Salme. Wanakufa mmoja mmoja. Na stima inanimaliza."

"Mimi naweza kuona hiyo tangi?"

Nthiwa aliingia, akalizunguka tangi. Aliweka kiganja kwenye kioo. Kisha akaweka kiganja juu ya maji, bila kuyagusa. Kiganja kikalowa.

"Mama, hii stima haiendi kwa samaki. Inaenda kwa Nairobi mzima. Unapasha moto River Road yote."

"Sikuelewi."

"Joto inatoroka. Hapa juu iko wazi, inatoka kama ile moshi ya chai. Kando kioo ni nyembamba, inapita. Dirisha iko karibu, inaleta upepo. Hita inachoka, lakini haiwezi kupumzika. Hiyo taa inazima wakati gani?"

"Haizimi."

"Umeona sasa. Na maji unabadilisha mara ngapi?"

"Kila asubuhi. Nusu," Zainab alisema kwa fahari kidogo.

Nthiwa akashika kichwa. "Kila asubuhi! Hita inafanya kazi usiku kucha, asubuhi wewe unamwaga kazi yake yote kwa mtaro. Samaki si mtungi ya kunywa, mama. Mara moja kwa wiki inatosha, na kidogo tu, ndoo moja. Kwanza changanya na maji moto mpaka ilingane na ya tangi. Hawa wamekufa kwa sababu ya kushtuliwa na baridi."

Zainab aliona haya. Machozi yalimlengalenga. Siku zote hizo alidhani anawatunza.

"Nifanye nini, Bwana Nthiwa?"

"Nitaleta vumbi ya mbao kutoka kazini. Tutazungushia tangi."

Zainab alimkazia macho. "Vumbi la mbao? Hilo ni la baridi! Samaki wa kutoka Mombasa huja kwa treni ndani ya barafu na vumbi la mbao. Hufika hapa wameganda kama mawe. Unataka na hawa wawe hivyo?"

Msomaji, usimcheke. Wengi wetu tungesema hivyo hivyo. Nthiwa mwenyewe alicheka, kisha akaeleza polepole.

"Baridi ni ya barafu, si ya vumbi. Vumbi haina joto, haina baridi. Kazi yake ni moja tu, kuzuia njia. Kwa barafu, inazuia joto ya nje isiingie. Kwa tangi yako itazuia joto ya ndani isitoke. Wewe ukifunika sufuria ya wali na gunia, gunia iko na moto?"

"Haina."

"Na wali unapoa?"

"Haupoi upesi."

"Basi ni hiyo hiyo."

Jumamosi mchana Nthiwa alikuja na gunia la vumbi kavu na mbao za masanduku ya chai. Kwanza alichomoa waya wa hita ukutani.

"Mkono usiingie majini kama stima iko. Hata siku moja. Na hita isitolewe majini ikiwa moto, itapasuka."

Walingoja hita ipoe. Samaki wakatiwa kwenye ndoo pamoja na maji yao, na maji mengine wakayaweka kwenye sufuria zilizofunikwa. Walihamisha meza mbali na dirisha, mpaka kwenye ukuta wa ndani. Chini ya tangi waliweka ubao na magazeti mengi. Nthiwa alijenga ukuta wa mbao nyuma na ubavuni, akiacha nafasi ya vidole vinne kati ya mbao na kioo. Nafasi hiyo wakaijaza vumbi la mbao, wakaziba juu kwa ukanda wa turubai ili lisilowe. Vumbi likilowa haliwezi kuzuia kitu, alisema. Wakarudisha maji na samaki, wakachomeka waya wa hita, kisha juu ya tangi wakalaza kioo cha dirisha la zamani, wakaacha upenyo mdogo wa hewa na wa waya.

Mbele pakabaki wazi, ili samaki waonekane.

"Usiku hapa ufunike na nguo nzito," alisema Nthiwa. "Asubuhi utoe, wapate mwanga."

Nguo nzito ilikuwa moja tu mle chumbani ambayo watoto hawakuilalia. Ilikuwa koti la Abdalla, lililoning'inia msumarini tangu Mei. Zainab alilishika kwa muda. Lilikuwa bado na harufu yake. Kisha akalifunika tangi.

Saa tatu usiku binti yake, Salme, alichungulia chini ya koti, akapiga kelele. "Mama! Taa imekufa!"

Zainab aliruka. Alifunua koti. Kweli, ile taa nyekundu imezimika. Akili yake ilimwambia waya umekatwa. Lakini taa ya dari ilikuwa inawaka. Aliweka kiganja kwenye kioo cha mbele. Kilikuwa na joto.

Samaki walikuwa wakiogelea. Hita ilikuwa imepumzika. Zainab alikaa chini sakafuni, akalia kwa mara ya kwanza tangu mumewe alazwe.

Mwisho wa Agosti Mzee Amin alileta karatasi nyingine. Ilikuwa shilingi kumi. Aliisoma mara mbili, akachungulia lile sanduku, akauliza kama Nthiwa anaweza kumfunikia tangi lake la maji moto la kuogea. Habari ya kukata waya hakuitaja tena.

Jumapili Zainab aliipeleka karatasi hiyo hospitali. Alimkuta Abdalla amelala, macho kwenye dari.

"Daktari amesema nibaki," alisema. "Miezi sita mingine. Labda zaidi."

Zainab alimwonyesha karatasi. Akamweleza juu ya vumbi la mbao, na juu ya watoto wa samaki. Walikuwa wamezaliwa wengi mno kuhesabika.

"Na nani atawapeleka?" Abdalla aliuliza. "Baiskeli hujui."

"Miguu ninayo."

Abdalla aligeukia ukuta. Mabega yake yalitikisika. Zainab hakumnyamazisha. Alikaa naye mpaka kengele ya wageni ikalia.

Jumanne alivaa buibui, akatoka alfajiri kwenda Spring Valley. Chupa ya samaki aliifunga kwa magazeti na leso mbili, akaikumbatia kifuani. Njia ilikuwa ndefu na umande ulikuwa wa baridi. Mlango wa jikoni wa nyumba aliyoelekezwa na Abdalla ulifunguliwa na mpishi mwenye kilemba cheupe.

"Abdalla yuko wapi?"

"Ni mgonjwa. Mimi ni mkewe."

Alifungua leso. Mpishi aliigusa chupa, akamtazama yule mwanamke aliyelowa umande mpaka magotini.

"Maji bado yana joto," alisema. "Ingia, mama."