Hoteli Inayongoja Baraka

Machi, soko la Suva, Fiji, limefurika, mikono miwili ikashika fungu moja la majimbi.

"Achia, kaka."

"Nimeshalinunua, dada."

"Umenunua nini? Muuzaji hata hajakutazama!"

Muuzaji alicheka akaligawa fungu. Kamlesh, afisa mikopo wa benki aliyevaa shati la maua, akaondoka na nusu ya majimbi na namba ya simu ya Asenaca, mhasibu mwenye gauni refu la buluu na ulimi mkali. Wakapendana. Mhindi na Mfiji, watu wakanong'ona. Basi na wanong'one!

Shida ilitoka kazini kwa Asenaca. Bosi wake alijenga hoteli kwa mkopo. Riba ya mkopo huo huingizwa kwenye gharama ya jengo wakati wa ujenzi tu. Jengo likiwa tayari, riba hukatwa kwenye faida. Wageni walikuwa wakilala humo tangu Machi, lakini hadi Agosti bosi alikuwa bado anarundika riba kwenye jengo.

"Hoteli haijafunguliwa mpaka mchungaji aibariki," alisema.

"Mapato ya vyumba unayaandika, bosi. Riba tu ndiyo inangoja maombi?"

"Binti, faida ikionekana ndogo kuliko riba, benki itatunyima mkopo wa pili. Andika!"

Asenaca akagoma. Bosi akaandika mwenyewe, chini akapachika jina la Asenaca, na hesabu zikamfikia Kamlesh benki. Simu ya Asenaca ikalia.

"Sena, kumbe ulinitaka kwa sababu ya mkopo?"

"Unasemaje?"

"Jina lako hili hapa. Umeniona mjinga?"

"Umeona jina, hukuona kwamba hakuna saini. Haya, kaoe makaratasi yako!"

Alikata simu, akalia kwa hasira, akanawa uso. Kesho yake aliingia kwenye kikao cha benki bila kualikwa.

"Hesabu hizi si zangu," alisema, macho kwa bosi wake. "Hoteli ilikuwa tayari Machi. Toeni riba ya miezi mitano kwenye jengo, mkate kwenye faida. Mtaona faida haitoshi kulipa hata riba yenyewe."

"Huna kazi!" bosi akafoka.

"Nimesikia. Naomba mshahara wangu wa mwezi huu."

Kamlesh, aliyeketi upande wa benki, aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Jumapili alifika nyumbani kwao Asenaca, sulu, shuka ya Kifiji, imefungwa ovyo kiunoni, akapiga magoti mkekani mbele ya baba yake na kumtolea jino la nyangumi kwa mikono miwili, kama Wafiji wanavyoomba msamaha au mchumba.

"Mzee, nilimkosea binti yako. Naomba msamaha. Na ninamwomba yeye."

"Mambo mawili kwa jino moja?" baba aliuliza.

"Nina mshahara mmoja, mzee."

Ndugu waliojaa ukumbini wakaangua kicheko. Baba hakucheka. "Na mchungaji akikataa kuwabariki?"

Asenaca alimtangulia Kamlesh kujibu. Akaketi mkekani ubavuni mwake, akamkazia sulu.

"Abariki siku atakayotaka, Baba. Mimi niko tayari tangu Machi."