Goti la Gaël

Asubuhi moja nilikuwa nikimfunika shuka mdogo wangu Gaël. Mguu wake wa kushoto ulilala vizuri kitandani. Upande wa kulia shuka ilisimama kama hema dogo. Nilibonyeza goti polepole. Halikushuka. Gaël alikuwa usingizini, lakini goti lake lilikuwa limekunjika kama la mtu aliyekaa.

Nilivuta shuka juu ya goti, nikatoka bila kumwita mama. Mimi si msemaji.

Mguu wa kulia wa Gaël ulikatwa chini ya goti. Alikuwa na miaka sita. Ilikuwa wakati wa vita, na sisi tuliishi Ruziba, kusini mwa Bujumbura. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mama yetu, Daphrose, aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni.

Gaël alipenda trakta kuliko chakula. Kwetu kulikuwa na moja tu, nyekundu, ya mashamba ya mpunga. Dereva wake aliitwa Seifu. Gaël akiisikia tu, alikimbia. Siku ile pia aliisikia. Aliiacha njia iliyokanyagwa na watu wote, akakatiza kwenye majani ili aiwahi. Bomu lilikuwa limefichwa kwenye majani hayo.

Alipotoka hospitali, mama alimbeba mgongoni kwa kitenge, kama mtoto mchanga. Kwetu mtoto mgonjwa haachwi chini. Mama akienda sokoni, nilimbeba mimi. Nyumbani tuliweka mto chini ya goti lake ili asiumie. Majirani walisema tunampenda sana. Wengine walitania.

"Dative, umebeba gunia la mchele?"

Mimi niliinamisha kichwa. Gaël alijibu juu ya bega langu:

"Mchele unaongea? Mi naongea!"

Watu walicheka. Nilipita haraka.

Siku moja alihamia jirani yetu mama mmoja kutoka Bukavu. Aliitwa Nsimire. Alifanya kazi mjini, mahali wanapotengeneza miguu ya bandia. Alimwona mama akirudi sokoni na Gaël mgongoni.

"Mama Dative, pole na kazi. Naomba nione huo mguu."

Mama alisita, kisha akamshusha. Nsimire alishika paja kwa mkono mmoja, akanyoosha goti taratibu. Gaël alipiga kelele.

"Nani anamubeba?" aliuliza Nsimire.

"Mimi na dada yake," mama alijibu kwa fahari. "Siku nzima. Hatumwachi hata kidogo."

Nsimire aliliachia goti polepole.

"Mama, usikasirike. Mutoto akiwa mgongoni, goti linakunjwa. Juu ya mto, linakunjwa. Mishipa ya nyuma inakazana, inakuwa mifupi. Halafu goti linakataa kunyooka."

"Na likikataa?"

"Hatutaweza kumuvalisha mguu wa bandia. Ule mguu unataka goti lililonyooka. Hili likibaki hivi, atategemea magongo maisha yote."

Mama alikaa chini kwenye vumbi, na sahani yake ya ndagala mapajani.

"Kwa hiyo mgongo wangu ndio unamlemaza?"

"Apana, mama. Bomu ndilo lilimulemaza. Mgongo wako haukujua."

Mama alifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza kwa hasira:

"Na risasi zikianza? Hapa kila mtu anakimbia. Unataka nimwache chini?"

Nsimire alitazama milima. Yeye pia alikuwa amekimbia kwao.

"Siku ya kukimbia, mubebe. Kimbia sana. Mukifika, mushushe, munyooshe."

Kuanzia jioni ile alikuja kutufundisha. Alitoa mto chini ya goti. Alisema Gaël alale kifudifudi kila asubuhi na kila jioni, mguu umenyooka. Akikaa, tuweke ubao chini ya mguu, usining'inie. Kigutu, yaani sehemu iliyobaki, tukioshe kwa maji na sabuni kila siku, tukikaushe, halafu tukifunge kwa bendeji ya kuvutika. Bendeji ikaze kwenye ncha, ilegee kidogo kuelekea juu. Akisema inabana sana au inauma, tuifungue tufunge upya.

"Mama Nsimire," Gaël alisema, "vidole vinaniwasha."

"Vidole gani?"

"Vya ule mguu mwingine. Uliopotea."

Mama alipiga ishara ya msalaba. Nsimire alitikisa kichwa.

"Si pepo, na mutoto hasemi uongo. Mwili bado unaukumbuka mguu. Mupapase kigutu taratibu kwa mikono yenu. Musiogope kukigusa. Yeye akiona munaogopa, ataogopa."

Ilikuwa mara ya kwanza mama kukigusa bila kugeuza uso.

Lakini Gaël alikataa kulala kifudifudi.

"Mi si mujusi!" alipiga kelele. Alilia mpaka sauti ikakauka. Mama alivumilia asubuhi. Jioni nilimwona amechukua kitenge tena. Alisimama nacho mkononi, hajui ambebe au amwache.

Nilitoka nje. Nilichukua kopo tupu la maziwa. Kisha nikatafuta kandambili ya kulia ya Gaël, nikaikata kwa kisu. Nilipata magurudumu mawili makubwa na mawili madogo. Niliyapitishia vijiti, nikayafunga chini ya kopo. Nikaiweka trakta ile ya kopo chini, mbele ya mkeka.

Gaël aliacha kulia. Alitazama magurudumu kwa muda mrefu.

"Umekata ile yangu?"

"Ndiyo."

Aliivuta trakta karibu. Akagusa gurudumu moja.

"Sawa. Haina kazi tena."

Alijigeuza mwenyewe kifudifudi. Aliisukuma trakta kwenye vumbi, uso wake karibu na ardhi, akiunguruma kwa mdomo. Mama aligeukia ukuta, akakikunja kitenge.

Tuliendelea hivyo. Goti lilishuka kidogo kidogo. Siku nyingine halikushuka kabisa.

Kisha asubuhi moja risasi zililia kutoka milimani. Mama alimfunga Gaël mgongoni, tukakimbia na watu wengine mpaka Kinindo, mtaa wa mjini. Tulijikusanya nje ya ukuta wa nyumba kubwa. Watu walikuwa wakiitana na kuhesabu watoto wao. Mama alikuwa bado anahema. Alimshusha Gaël, akatandika kitenge chini, akamlaza kifudifudi. Mimi nilitoa trakta kwenye nguo yangu.

Mlinzi wa nyumba ile alituona.

"Mama, mutoto amefanya kosa gani? Munamwadhibu hata leo?"

"Hajafanya kosa," mama alisema. "Analima."

Tulilala pale mpaka milima ikanyamaza. Kila asubuhi na kila jioni Gaël alilima ile ardhi ya watu.

Tuliporudi Ruziba, Nsimire alishika goti tena. Alilisukuma, likanyooka. Alifunika mdomo kwa mkono.

"Sasa twende tukapime," alisema.

Mguu wa bandia ulimuumiza mwanzoni. Nsimire alituonya tutazame ngozi kila jioni. Ikiwa nyekundu au imechubuka, tuuvue, turudi kwake. Gaël alianguka mara nyingi. Alitukana ule mguu matusi ambayo sijui aliyatoa wapi. Baadaye alitembea mpaka barabarani, akipita palepale watu wote wanapopita. Seifu alisimamisha trakta, akamsalimu kama bosi wake.

"Chef, unapanda ao unaniangalia tu?"

Alimpandisha kitini.

"Breki ni kulia. Kanyaga."

Gaël alikanyaga kwa mguu wa bandia. Hakuwa na nguvu ya kutosha. Seifu alisema hiyo ni shida ya umri tu, si ya mguu. Mama alipiga makofi. Watu wa barabarani wakapiga makofi.

Mimi pia nilipiga makofi. Kisha mwanamke mmoja akaniuliza, "Dative, yule ni mudogo wako?" Nilisubiri sauti ijibu juu ya bega langu. Hakukuwa na mtu mgongoni. Nilitikisa kichwa kukubali, nikatazama chini.

Jambo hili sijamwambia mtu, hata mama. Nilifurahi kwa kweli. Lakini siku ile mgongo wangu ulihisi baridi, na nilitamani Gaël achoke, anyooshe mikono, aniombe nimbebe.