Mfuko wa Tano

Mwezi wa sita Sumbawanga haina huruma na mtu. Upepo hushuka kutoka milima ya Mbizi ukapita katikati ya vibanda vya soko, na wauzaji hujikunyata nyuma ya bidhaa zao, mikono wameikunjia kwapani. Jumamosi moja ya mwezi huo, Evodia alikuwa kwenye kibanda cha Mama Nestory, muuza nyuzi, akichagua uzi mweupe. Alikuwa amevaa koti jeusi juu ya gauni la bluu, na kilemba cha njano kilichofanya uso wake uonekane umeota jua peke yake mahali pale. Ndipo mwanamume mmoja akajipenyeza pembeni yake na kuweka kiwiko juu ya meza.

"Mama, naomba uzi wa kuziba hapa," alisema.

Sweta lake lilikuwa la rangi ya ulezi uliokomaa, na kwenye kiwiko palikuwa na tundu la kupitisha yai. Mama Nestory akavuta donge la uzi wa kahawia. Evodia alikuwa na haraka. Zamu yake ya kliniki ilianza saa nne. Lakini kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaangalia akanyamaza.

"Huo hautafaa," alisema. "Ni mwembamba. Ukifua mara mbili, kiraka kitavutika na tundu litakuwa kubwa kuliko hili."

Yule mwanamume akamgeukia. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, macho yake yamelegea kidogo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi kutoka kwenye ndoto nzuri.

"Dada ni fundi?"

"Ni nesi."

"Basi nina bahati. Mgonjwa wangu huyu hapa." Akanyoosha kiwiko.

Mama Nestory alicheka. "Huyo ndiye anayenimalizia nyuzi zangu zote, baba. Ila mikono anayo miwili na kazi anazo ishirini."

"Mimi nina subira," alisema yule mwanamume, na kabla Evodia hajajua ajibu nini, alikuwa amelivua sweta palepale, kwenye baridi ile, akalikunja vizuri na kumkabidhi. "Naitwa Isdori. Nafanya kazi Kasanga, bandarini. Kule joto, silihitaji mpaka nikipanda huku. Alilifuma mama yangu. Naomba uzibe tu."

Akaondoka na shati la mikono mifupi, mabega ameyainua mpaka masikioni. Evodia alibaki na sweta mikononi, bado lina joto la mwili wa mtu.

Nyumbani kwake Katandala, ukutani mwa sebule, palikuwa na misumari minne, na kila msumari ulikuwa na mfuko wake. Wa kwanza ulikuwa wa masweta kumi na mawili ya watoto wa chekechea. Wa pili, shali ya mtoto wa wifi yake aliyekuwa anasubiriwa. Wa tatu, vitambaa vya makochi vya rafiki yake Cornelia, aliyekuwa anaolewa mwezi wa kumi na moja. Wa nne ulikuwa na kitandiko chake mwenyewe cha kroshia, alichokianza miaka sita iliyopita na ambacho kilikuwa kimefika magotini mwa kitanda. Jioni ile aligonga msumari wa tano.

"Dada, ukuta utaanguka," alisema Jenifa, mdogo wake aliyekuwa akiishi naye.

"Ni kazi ndogo. Kuziba tu."

Maisha ya Evodia yalikuwa ya kuibia dakika. Asubuhi alichanja watoto na kuwapima uzito. Jumatano na Ijumaa jioni alikuwa kwenye kwaya ya parokia. Katikati ya hayo alifuma: mistari miwili wakati chai inapoa, mitatu wakati anasubiri bodaboda, kitambaa kimoja cha kochi katika mazoezi marefu ya sauti ya besi. Watu walimwonea huruma. Hawakujua kwamba vidole vikishashika mwendo wake, yeye mwenyewe hakuwepo tena. Alikuwa anaelea mahali fulani laini, pasipo na foleni ya akina mama wala kengele. Na tangu Jumamosi ile, mahali pale palianza kuwa na maji. Aliliona ziwa Tanganyika mara moja tu, akiwa mwanafunzi. Sasa kila akifuma liliteleza mbele yake, la bluu, lisilo na haraka.

Isdori alipiga simu siku ya tatu, saa saba mchana; namba alikuwa amepewa na Mama Nestory.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Bado yuko wodini."

"Ameshaonwa na daktari?"

"Daktari ana wagonjwa wengine wanne mbele yake. Usiruke foleni."

"Siruki. Nimepiga kumjulia hali nesi."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mawimbi, na watu wakiitana kwa Kifipa na kwa Kiswahili cha Kongo. Evodia aliuminya mdomo asicheke, kwa sababu Jenifa alikuwa anamwangalia.

Kuanzia hapo simu ikawa kila siku. Mwezi wa saba Isdori alipanda Sumbawanga mara mbili, mwezi wa nane mara tatu. Walikunywa chai ya tangawizi karibu na stendi. Walitembea hadi kwenye misonobari juu ya mji, yeye Isdori amevaa koti la kuazima lililombana kifuani, Evodia amejifunga shali ya zambarau, vidole vyake vikifuma huku anatembea. Siku moja Isdori alisimama, akazishika zile sindano pamoja na mikono ya Evodia, akavizungushia viganja vyake.

"Mpenzi, hata hapa?"

"Zikisimama, nitaanza kukuangalia wewe."

"Basi zisimame."

Zikasimama. Ukungu ulikuwa unapita kati ya miti, na kwa muda ule Evodia hakukumbuka hata mfuko mmoja.

Mwezi wa tisa ndipo alipolichukua lile sweta. Ilikuwa Jumapili mchana baada ya misa. Alipoanza kuziba kiwiko, uzi ulikatika pembeni ya kiraka. Akaziba pale, ukakatika chini yake. Akaliinua kwenye mwanga wa dirisha na kuona limechakaa kifuani, mgongoni, kila mahali, linashikiliwa na mazoea tu. Alikuwa amechoka. Vitambaa vya Cornelia vilikuwa nusu, na simu ya chekechea ilikuwa imeshamkumbusha mara mbili. Akawaza: nikilifumua lote, nikauchagua uzi uliobaki mzima, nikaongezea mpya, nitamfumia sweta kamili. Atashangaa. Akakata mshono wa bega, akavuta.

Kufumua ni rahisi. Mstari baada ya mstari, kazi ya miezi ikamiminika mapajani mwake kwa nusu saa. Mkono wa kushoto aliukuta umepinda, vitanzi vingine vikubwa vingine vidogo, kama kazi ya mtu anayejifunza. Akaurudisha mfukoni ili aushughulikie siku nyingine. Uzi mwingine akaufua na kuuanika kwenye kamba nyuma ya nyumba, ukining'inia umejikunja kama nywele.

Isdori hakuwa amesema kwamba angekuja. Alipata lifti ya lori la mizigo, akafika Jumatatu alasiri na migebuka minne iliyofungwa kwenye gazeti. Evodia alikuwa bado njiani kutoka kazini. Jenifa, binti asiye na neno baya, alimkaribisha uani.

"Ule si uzi wa sweta lako, shemeji? Dada kalifumua jana."

Evodia alipoingia, alimkuta amesimama mbele ya kamba, hajaketi, gazeti la samaki bado mkononi.

"Isdori. Mbona hukusema unakuja?"

"Nilikuambia uzibe," alisema. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Uzi ulikuwa umechoka. Nilitaka nikufumie jipya, hilohilo, zuri zaidi."

"Tunapigiana simu kila siku, Evodia. Kila siku. Ungeniuliza."

Isdori aliweka samaki juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Mkono wa kushoto aliufuma hospitalini," alisema. "Vidole vilikuwa vimeshaanza kutetemeka. Nilimwambia aache, akasema sweta la mkono mmoja litawachekesha watu. Akaumaliza, na baada ya hapo hakufuma tena kitu. Ulikuwa umepinda. Nilikuwa nikikaa kwenye basi naushika tu."

Alitoka. Evodia alimfuata mpaka barabarani, lakini Isdori alishapanda bodaboda, na hakugeuka.

Wiki tatu simu haikupokelewa. Evodia alichanja, aliimba, alifuma. Vidole vilikwenda kama kawaida lakini ile sehemu laini aliyokuwa akielea ilikuwa imekauka. Alihesabu vitanzi tu. Jioni moja, akitafuta sindano nyembamba, alitia mkono kwenye mfuko wa tano. Akautoa ule mkono wa kushoto wa sweta, mzima; katika mshtuko wa siku ile alikuwa amesahau kwamba hakuufumua.

Aliketi nao mapajani. Sasa aliweza kuusoma. Hapa mama yule alipumzika, akaanza tena. Hapa kitanzi kilimponyoka, akakirudia. Karibu na mwisho, mistari ilikuwa imelegea kabisa, lakini hakuna hata mmoja aliouruka. Evodia, ambaye kila siku alishika mikono ya wagonjwa, alikuwa ameuona mkono huu akadhani ni uzembe.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kulifuma sweta haraka, alimalize, ampelekee. Sindano alishazishika. Kisha akaziweka chini. Hilo lilikuwa kosa lilelile.

Kesho yake aliomba ruhusa ya siku tatu kazini. Masweta sita ya chekechea yaliyobaki alimpa Mama Nestory amtafutie mfumaji mwingine. Halafu akampigia Cornelia.

"Vitambaa vyako havitawahi harusi," alisema. "Nisamehe."

"Evo, miaka yote hii sijawahi kukusikia unasema kitu hakitawahi. Ni nini?"

"Nakwenda Kasanga."

"Basi nenda. Makochi yalikuwepo kabla ya vitambaa."

Basi lilipita Matai, likaanza kuteremka. Hewa ilibadilika kona baada ya kona; akavua koti, akavua na sweta lake, akabaki na gauni jepesi la maua mekundu. Halafu ziwa likatokea chini, pana, limeungana na anga kiasi kwamba hakujua moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi.

Alimkuta Isdori bandarini, kwenye kivuli cha ghala, kalamu nyuma ya sikio, akiandikisha magunia yanayokwenda Kongo. Alipomwona, kalamu ilianguka. Hakuiokota.

"Umekuja na nini?" aliuliza.

"Nimekuja kuuliza."

Waliketi juu ya boti lililopinduliwa mchangani. Evodia akafungua mfuko, akautoa ule mkono wa sweta, akauweka kati yao. Isdori aliutazama muda mrefu.

"Nilidhani ulifumua lote."

"Siku ile nilikuwa nimechoka. Huu ulibaki kwa sababu ya uchovu tu, sikujua chochote. Sitaki unidhanie wema ambao sikuwa nao."

Katika joto lile la saa nane, Isdori akauingiza mkono wake wa kushoto humo, akauvuta mpaka begani.

"Uzi mwingine upo, umefuliwa," aliendelea Evodia. "Naweza kulifuma tena, na mkono huu nikauunganisha kama ulivyo. Au niache hivi hivi, ukae nao. Utakachosema ndicho."

"Simu zako niliziona zote," alisema Isdori. "Nilikuwa nakaa nazitazama zinaita mpaka zinakata. Siku za kwanza ilikuwa hasira. Baadaye ilikuwa aibu. Nilikuwa nimenyamaza sana, sikujua nianze na neno gani."

"Ungeanza na 'haloo'."

Alicheka, na macho yake yakajaa. "Nisamehe, nesi wangu."

"Na wewe unisamehe."

Maji yalifika karibu na miguu yao, yakarudi.

"Ulifume," alisema Isdori. "Ila nianzishie hapa, nikiwa naona."

Alilala siku mbili nyumbani kwa shangazi yake Isdori, mama Bertila, mwanamke mnene mwenye kicheko kifupi, aliyemlisha migebuka na ugali wa ulezi mpaka akaomba msamaha. Jioni Isdori alinyoosha mikono yake miwili, Evodia akamvisha uzi uliokunjwakunjwa na kuuzungusha taratibu kuwa donge. Uzi ulitoka kwa Isdori ukaja kwake, na jua lilizama upande wa Kongo, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Evodia alihisi anaelea.

"Kabla sijamwambia shangazi, kabla sijamtuma mtu kwa baba yako," Isdori alisema, mikono bado imefungwa na uzi, "nakuuliza wewe. Unanitaka?"

"Nakutaka."

"Mshenga aje lini? Najua ratiba yako."

Evodia aliipitia wiki nzima kichwani: chanjo, kwaya, zamu ya Alhamisi.

"Jumamosi hii," alisema.

Mvua za kwanza zilinyesha Jumamosi hiyo huko Laela, kwa Mzee Fabiani, baba yake Evodia, kwenye nyumba yake ya matofali pembeni ya shamba lililokuwa likisubiri mahindi. Mshenga, Mzee Adolfu, alifika na mzee mwenzake, suruali zimelowa mpaka magotini. Walisalimiana, wakaulizana habari za mvua, wakazunguka, wakarudi, wakasema walilokuja kusema. Kisha Mzee Fabiani akaita.

Evodia aliingia amejitanda khanga mpya, akapiga goti.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," walijibu wazee.

"Wageni hawa wanasema wametumwa," alisema baba yake. "Unawafahamu?"

Alijibu. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mama yake, aliyekuwa jikoni, akapiga kigelegele kimoja kifupi, kama aliyekuwa amekishikilia mdomoni tangu asubuhi.

Isdori hakuruhusiwa kuwepo. Alikuwa anasubiri kituo cha mabasi, mwendo wa dakika kumi tu. Evodia alitoka barazani, akapiga simu. Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Haloo," alisema Isdori. "Haya, niambie. Baba kasemaje?"

"Kaniuliza kama nawafahamu wageni."

"Ukamjibuje?"

Evodia aliegemea nguzo ya baraza, mikono yake haina kitu. Kwenye simu alisikia mvua ikipiga bati la kituo, na juu ya kichwa chake aliisikia ikipiga bati la baba yake, ileile moja, na alitaka kuisikiliza kidogo kwanza.

"Evo?"

"Nimesema nawafahamu."