Ruhusu Daima

Mshale ulichelewa kurudi. Shaista aliusukuma kutoka kwenye laptopu yake hadi kwenye kioo cha kompyuta ya mezani ya marehemu baba yake, akarudisha kipanya kushoto, lakini mshale ukabaki kulekule ng'ambo, ukizunguka polepole kama mtu anayekagua chumba cha kupanga. Kisha ukarudi. Akailaumu intaneti, kama tunavyoilaumu sote hapa mjini Lucknow.

Shaista alikuwa akitengeneza kadi za harusi za watu. Kazi ile inataka vioo viwili, kimoja cha maneno na kingine cha mapambo, ndiyo maana akaifunua ile kompyuta kuukuu, akaipangusa vumbi na kuiunganisha na laptopu bila waya. Kila alipoiunganisha, iliuliza kwanza: fulani anaomba kuingia, aruhusiwe? Mama yake alifurahi mno.

"Mashine ya baba yenu hiyo," alisema. "Hata yenyewe inapiga hodi!"

Sasa, watu wa mitaa ya Chowk tuna ugonjwa mmoja. Mtu akibisha nje ya pazia, mdomo unajibu "karibu" kabla akili haijauliza ni nani. Mchana mmoja swali lile lilitokea wakati laptopu ilikuwa imeshaunganishwa, na mahali pa jina palikuwa patupu. Shaista, akili yote kwenye kazi, akabonyeza "Ruhusu daima". Akasema na "karibu" juu yake.

Kadi aliyokuwa akiitengeneza ilikuwa ya mdogo wake, Mehjabin. Na hapo ndipo penye kidonda, maana wakwe hao, watu wa mji wa jirani wa Kanpur, mwanzoni walikuwa wamekuja kumtazama Shaista. Yeye ndiye aliyewapelekea sinia la chai, ushungi umeshuka mpaka kwenye nyusi. Wakala kababu, wakamsifu, halafu mama wa kijana akauliza, "Na yule aliyekuja kuchukua vikombe, ni nani?" Shaista alisema amefurahi. Alilisema mara nyingi mno.

Aliandika kwenye laptopu: Mehjabin na Tabish. Akaivuta kadi hadi kioo cha pili. Harufu ya marashi ya zamani na udongo mbichi ikapanda kutoka kwenye mashine, na kadi ikasomeka kwa herufi za dhahabu: Shaista na Tabish.

Angefuta. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini majina yale yalikaa pamoja vizuri, na hakuwahi kuliona jina lake mahali kama pale, hivyo akatazama, akatazama, mpaka adhana ya alasiri. Chini ya kadi maneno yakajiandika: "Nirekebishe hivi, kwa idhini yako?"

Shaista hakujibu. Naye alijua, kama ajuavyo binti yeyote wa kwetu, kwamba msichana akiulizwa habari ya posa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ni ndiyo.

Kesho yake Mehjabin aliamka hana sauti. Alifungua kinywa, hewa tu ikatoka. Madaktari hawakuona kitu, na habari ikafika Kanpur, na kutoka Kanpur ukarudi ujumbe wa upole wenye sumu: bibi harusi asiyeweza kutamka "nimekubali" atafungaje ndoa, na kwa kuwa siku imeshapangwa, si yupo dada yake?

Shaista aliona aibu hadi kula kukamshinda, na aibu ilizidi kwa sababu moyo wake ulikuwa umeruka kwa furaha. Adhuhuri ya siku ile, mama akiwa amesinzia na nyumba yote imenyamaza kwa joto, alisikia kicheko chumbani kwake, akafuata sauti ile ukumbini, akipita karibu na Mehjabin aliyelala mkekani kinywa wazi, akasogeza pazia, akaona kompyuta ya baba inawaka ilhali laptopu imefungwa, na kutoka kwenye vipaza sauti vyake vidogo sauti ya mdogo wake, ileile anayoijua tangu utotoni, ilikuwa ikirudia taratibu, kama mtu anayejifunza maneno ya ugenini, nimekubali, nimekubali, nimekubali.

Akamwamsha mama. Mama akamwita Maulana Zamin, mzee aliyesomea wagonjwa wa mtaa mzima. Alinusa chumba, akaketi.

"Jini huyu amekaribishwa," alinong'ona. "Binti, alikupa nini? Usione haya. Nikijua alichokupa, nitajua amejishikiza wapi."

Mehjabin alikuwa ameushika mkono wa dada yake kwa nguvu zote, akimtazama kama mtoto anavyomtazama mama.

"Hajanipa kitu, Maulana."

"Alikuomba chochote? Ulimjibu?"

"Sikumjibu."

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana lilitoka laini.

Maulana alisoma, akanyunyiza maji. Kioo kikazima kwa kishindo, harufu ikatoka dirishani, na Mehjabin akakohoa. "Dada," alisema, akaanza kulia. Mama alimkumbatia Shaista na kumwita mwokozi wa nyumba. Shaista alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kompyuta ilivunjwa. Harusi ikafanyika, na Mehjabin alitamka "nimekubali" hadi wanaume barazani wakamsikia. Shaista alitafuta zawadi ya kufuta aliyoyafanya, na kwa kuwa hakuweza kuyasema, akatoa alichokuwa nacho cha thamani. Aliifunga laptopu yake kwa kitambaa chekundu, akampa mdogo wake aende nayo Kanpur.

Baada ya harusi Mehjabin alipiga simu ya video. Alikuwa ameketi na mumewe, wanacheka.

"Dada wee, una vituko! Tumeunganisha laptopu yako na kompyuta ya baba mkwe. Kumbe unaweza kuomba kuingia kutoka huko?"

Shaista alishika ukingo wa kitanda. "Kuomba nini?"

"Si jina lako limetokea? Shaista anaomba kuingia. Nikabonyeza ruhusu daima. Nani mwingine nimruhusu, kama si dada yangu?"

Tabish akainamia simu, akitabasamu. "Ni wewe, shemeji, au siyo?"

Nyuma yao, kwenye kioo kikubwa, mshale ulikuwa ukizunguka polepole. Maneno yote yalimjaa Shaista kinywani: kadi, jina, kile kimya chake. Akamtazama Tabish, na uso ukamwaka moto.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."